Buibui wetu wafugwa ng'ambo, nyumbani tunawafagia

Mei 7, 2025, Mahakama ya JKIA jijini Nairobi ilitoa hukumu katika kesi ambayo Wakenya wengi walikuwa wakiifuata kwa kicheko. Vijana wawili kutoka Ubelgiji, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walitozwa faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au watumikie kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na sisimizi. Wale Wabelgiji peke yao walikuwa na malkia wapatao 5,000 wa aina ya Messor cephalotes, wametiwa katika vichupa vyembamba vyenye pamba. Hakimu hakuona cha kuchekesha. Katika uamuzi wake alilinganisha kufungashwa kwa viumbe hao na yale waliyotendewa watumwa.

"Sisimizi tu?" Ndilo swali lililoulizwa kwenye matatu na katika vibanda vya chai, Kakamega ikiwemo. Jibu lake linaanzia mbali na hapa. Ulaya, Marekani na Asia kuna maelfu ya watu ambao uraibu wao ni kufuga viumbe wadogo katika masanduku ya kioo na plastiki. Sisimizi wetu ni wageni katika soko hilo. Buibui wa Afrika Mashariki wamo humo kwa miongo kadhaa sasa, na wengi wetu hatujawahi hata kusikia kwamba waliondoka.

Aliye mashuhuri kuliko wote ni Pelinobius muticus, ambaye wafugaji humwita buibui nyani mfalme. Anapatikana Kenya na Tanzania. Mwili wake una rangi ya kutu, manyoya mafupi, na miguu ya nyuma minene iliyopinda ambayo humtambulisha mara moja hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu buibui. Huishi shimoni, na shimo lake laweza kufika mita mbili kwenda chini. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele, hufunua meno yake ya sumu, kisha husugua vinywele vilivyo kwenye mashina ya miguu na kutoa mlio wa kukwaruza unaosikika vizuri. Hana haraka ya kukua. Jike huchukua miaka mingi kukomaa, na akishakomaa huweza kuishi miongo kadhaa.

Historia ya jina lake inaonyesha jinsi buibui wetu walivyoanza kujulikana. Mwaka 1885 Friedrich Karsch, mtaalamu katika jumba la makumbusho la Berlin, alimwandika kwa jina hilo la Pelinobius muticus. Mwaka 1900 Reginald Pocock wa Uingereza akaandika kuhusu buibui mwingine wa Afrika Mashariki na kumwita Citharischius crawshayi. Jina hili la pili ndilo lililoshika, na ndilo lililobandikwa kwenye masanduku ya wafugaji kwa karne nzima. Hatimaye mwaka 2010 mtafiti Richard Gallon alionyesha kuwa wawili hao ni yule yule, na kwa kanuni za majina ya kisayansi lile la kwanza likarejea. Miaka 110 buibui mmoja wa nyika zetu alitembea na vitambulisho viwili, vyote vimetolewa Ulaya.

Wa pili kwa umaarufu ni Pterinochilus murinus, aliyeandikwa na huyo huyo Pocock mwaka 1897. Huyu ameenea kutoka mashariki hadi kusini mwa Afrika na ana rangi tofauti kulingana na mahali: kuna wa kijivu, wa hudhurungi na wa manjano. Anayependwa zaidi ni wa rangi ya chungwa iliyoiva, ambaye sokoni huuzwa kwa jina la Usambara, milima ya Tanga, Tanzania. Wafugaji wa Marekani wamempa jina la utani, "kitu cha rangi ya chungwa kinachouma", na hawakumsingizia. Ana mbio za ajabu, na akibanwa hageuki kukimbia kila mara. Mara nyingine husimama na kupigana.

Ukali huo una sababu. Tarantula wengi wa mabara ya Amerika wana vinywele vya kuwasha juu ya tumbo. Wakitishwa huvipangusa kwa miguu ya nyuma na kuvirusha hewani, adui akaanza kujikuna macho. Tarantula wa Afrika na Asia hawana silaha hiyo. Wao hutegemea meno, na sumu yao kwa kawaida ina nguvu zaidi. Kuumwa na Pterinochilus si kifo, lakini huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli ambako kunaweza kumsumbua mtu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana wafugaji wazoefu humkataza anayeanza asimguse buibui wa Afrika, na hata wao wenyewe hawamshiki mkononi. Humhamisha kwa kikombe na brashi.

Ufugaji wenyewe hauna fujo. Buibui wa shimoni huwekewa udongo wenye kina cha kutosha achimbe, kibakuli kidogo cha maji, na matundu ya hewa. Hulishwa nyenje au mende mara moja kwa wiki au hata kwa nadra zaidi, na anaweza kususia chakula kwa miezi bila kudhurika. Saa ya hatari ni anapojivua ngozi. Hulala chali miguu ikiwa juu, na mtu asiyejua hudhani amekufa. Ngozi ya zamani hupasuka, naye hujichomoa polepole, mguu baada ya mguu, akibaki laini na dhaifu hata nyenje mmoja akiachwa humo aweza kumjeruhi. Mfugaji makini huichukua ile ngozi iliyoachwa, huilowesha maji, huikunjua, na kuikagua kwa darubini: ndani yake mna umbo la viungo vya uzazi vya jike, na hapo ndipo anapojua kama ana jike la kuishi miaka 20 au dume litakalokufa muda mfupi baada ya kukomaa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu namheshimu mtu anayeweza kukaa na kiumbe mmoja kwa miaka 20 akimchunguza. Mengi tunayoyajua kuhusu kuzaana na kujivua ngozi kwa tarantula yamechangiwa na watu wa namna hiyo, wasio na shahada yoyote ya elimu ya wanyama. Ninachokipinga ni njia ambayo wengi wa viumbe hao walifika kwenye masanduku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya spishi 1,200 za buibui, nge na jamaa zao zikiuzwa duniani, na sehemu kubwa ya viumbe hao ilitolewa porini moja kwa moja. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliwahi kuingilia kati kwa baadhi yao. Tarantula wa Meksiko mwenye magoti mekundu aliingizwa kwenye orodha mwaka 1985, na mwaka 2019 wakafuata tarantula wa mitini wa India na Sri Lanka. Buibui nyani wa Afrika Mashariki hawamo. Sisimizi wa ile kesi ya JKIA nao hawamo. Kilichowakamata wale wanne ni sheria yetu wenyewe, Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ambayo haiulizi kama mnyama ana pembe au hana.

Sasa turudi Kakamega.

Msitu wetu wa Kakamega, wenye kilomita za mraba zipatazo 240, ndio kipande pekee kilichosalia nchini Kenya cha misitu ya mvua ya aina ile ya Kongo na Guinea. Ulitangazwa kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Wageni huja na orodha za ndege mkononi. Huuliza vipepeo, nyani, nyoka, na mti mkubwa wa mutere. Sijawahi kuona bango hata moja langoni linalomtaja buibui, ilhali ukipita Isecheno, ndani ya msitu huo, asubuhi yenye umande ni vigumu kuweka mguu mahali pasipo na utando.

Usiku ndio wakati wake hasa. Shika kurunzi usawa wa macho yako, karibu na paji la uso, na umulike majani yaliyoanguka. Utaona vimulimuli vidogo vya kijani vikikutazama kutoka ardhini. Kila kimulimuli ni macho ya buibui mwindaji wa ardhini, wale wa jamii ya Lycosidae, yanayorudisha mwanga kama ya paka. Ifuate nuru mpaka umkaribie. Akiwa jike, pengine utamkuta amening'iniza mfuko wa mayai mweupe nyuma ya mwili, palepale utando unapotokea. Watoto wakishaanguliwa hupanda wote mgongoni mwa mama, wakajipanga tabaka juu ya tabaka hata usiione rangi yake. Ukimulika hapo unaona macho yao pia, madogo mno.

Kumtambua buibui huanzia hapo, kwenye macho. Wengi wana macho manane, na mpangilio wake ndio unaotaja ukoo. Mwindaji wa ardhini ana manne madogo mstari wa chini, mawili makubwa juu yake, na mawili nyuma. Buibui mrukaji, yule mfupi mwenye kugeuka kukutazama ukimkaribia dirishani, ana manne mbele, na mawili ya katikati ni makubwa kiasi cha kumfanya aonekane ana uso. Baada ya macho tazama utando. Wa mviringo wenye mistari ya zigizaga katikati mara nyingi ni wa Argiope. Uliotandwa kwenye ua wa lantana, ukiwa na kiumbe mgumu mwenye miiba pembeni katikati yake, ni wa Gasteracantha. Kisha angalia anavyobeba mayai. Yule mkubwa mwenye miguu ya kutanda anayekimbia darini usiku akiwinda mende hukumbatia mfuko wake bapa chini ya kifua. Yule mwembamba wa miguu mirefu pembeni mwa dari, anayetikisika ukimgusa, huubeba mdomoni.

Mjuane na mmoja wa kujihadhari naye. Chini ya viti vya plastiki, nyuma ya mlango wa choo, kwenye matofali yaliyopangwa muda mrefu, hukaa buibui mdogo wa hudhurungi mwenye tumbo la duara na alama ya rangi ya chungwa chini yake. Huyu ni Latrodectus geometricus, jamaa wa yule mweusi anayeogopwa duniani. Utamjua hata kabla hujamwona, kwa mifuko yake ya mayai: ni vijitufe vyenye miiba midogo pande zote. Ni mwoga, lakini asishikwe. Kwa upande mwingine, upele wa kuunguza ambao watu huamka nao shingoni na kusema ni buibui, mara nyingi ni kazi ya yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye Wakenya humwita Nairobi fly. Akipondwa juu ya ngozi majimaji yake huichoma. Buibui hulaumiwa na kuuawa kwa kosa la mwingine.

Na hasara ya kuua bila kujua inaweza kuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Vuka Kisumu, shika njia ya Bondo hadi Luanda Kotieno, panda feri, na utateremka Mbita, palipo na kampasi ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, inayoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeanzisha kituo hicho mwaka 1970. Huko, kwenye kuta za nyumba na majani ya kando ya Ziwa Victoria, huishi buibui mrukaji wa milimita tano hivi aitwaye Evarcha culicivora. Aliandikwa kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesołowska na Robert Jackson. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha jambo ambalo halikuwahi kujulikana kwa buibui mwingine yeyote: anapopewa nafasi ya kuchagua, huyu huchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu.

Tazama anavyofanya. Anofelesi, mbu wa malaria, hutua akiwa ameinua tumbo juu, tofauti na mbu wengine. Kitoto cha Evarcha, kidogo kuliko windo lake, huzunguka kikaja kwa nyuma, kikaingia chini ya lile tumbo lililoinuliwa, na kumrukia kutoka chini. Mbu huruka naye akiwa amening'inia, kisha wote wawili huanguka. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walionyesha kwamba buibui hao huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu. Maana yake ni kuwa harufu yetu huwaelekeza mahali mbu wanapopatikana. Hupenda pia harufu ya lantana, kichaka kile kile ambacho wakulima wetu hukichukia. Anajulikana kando ya ziwa hili tu, Kenya na Uganda. Katika kaunti zetu za magharibi, ambako hakuna familia isiyojua malaria, kiumbe huyu alistahili kuwamo katika kitabu cha kila mwanafunzi wa darasa la nne.

Ni wangapi wa namna yake wamo msituni Kakamega? Dunia nzima ina orodha moja ya buibui, inayotunzwa Bern, Uswisi, na Aprili 2022 ilivuka spishi 50,000. Kwa Afrika kitabu cha msingi cha kutambua koo zao kilitoka mwaka 1997, kazi ya Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika Kusini na Rudy Jocqué wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Wakenya nao wamo. Mwaka 2002 Charles Warui, pamoja na Jocqué, aliandika kuhusu buibui wa ukoo ambao haukuwa umewahi kuonekana Afrika Mashariki, kutoka Milima ya Taita. Misitu ya Taita ni midogo na imekatwakatwa kuliko wetu. Mtu akiutafuta ukoo mpya huko akaupata, naamini Kakamega ina mengi ya kutuonyesha.

Simu ya mfukoni inatosha kuanzia. Piga picha ya uso, ya mgongo, ya tumbo kwa chini ukiweza, na ya utando, kisha andika mahali na tarehe. Zipandishe iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huzitazama bure. Usitarajie jina kamili kila mara. Spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi tu, chini ya darubini, na buibui mchanga hana viungo hivyo bado. Jina la ukoo peke yake tayari ni hatua. Buibui aliyekwisha kufa na kuhifadhiwa katika spiriti, pamoja na karatasi ya mahali na tarehe, ana thamani kwa Makavazi ya Kitaifa Nairobi, mradi kuwe na kibali cha kumkusanya.

Vijana wengine wameniuliza kama hii haiwezi kuwa biashara halali. Mfano wanaoutaja ni vipepeo. Mradi wa Kipepeo kule Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, umewauzia wageni pupa za vipepeo kwa niaba ya wakulima tangu mwaka 1993, na Amani, katika Usambara Mashariki, walianza wao mwaka 2003. Sheria ya Kenya inaruhusu ufugaji wa wanyamapori kwa leseni. Lakini hesabu ya buibui ni tofauti kabisa. Kipepeo huishi majuma machache, kwa hiyo bustani ya maonyesho ya London au Chicago hulazimika kuagiza tena na tena. Tarantula jike huishi miaka 20, na mfuko mmoja wa Pterinochilus huweza kutoa watoto zaidi ya mia moja. Mnunuzi akishapata jozi moja, hana haja nawe tena. Ndivyo ilivyokwenda: buibui wa rangi ya chungwa sasa huzalishwa ng'ambo kwa wingi, na hakuna hata senti inayorudi Tanga. Anayetafuta pesa za haraka kwa kuchimba mashimo ya Pelinobius Kajiado au Taita atang'oa jike lililochukua miaka mingi kukomaa, atalipwa kidogo, na atajiweka hatarini kulipa Sh1 milioni mahakamani.

Fedha iliyopo, na ninaiona, iko katika kumwonyesha mtu buibui mahali pake. Isecheno kuna vijana waongozaji ambao tayari hutembeza wageni usiku. Wakijua kutofautisha koo kumi tu, matembezi yale yale yanapata thamani nyingine, na mgeni wa ndege hulala siku moja zaidi. Wale wafugaji wa Ujerumani na Marekani ni watu wa kuwaalika: wana pesa, wana subira, na wengi wao wametumia nusu ya maisha wakimtazama kupitia kioo buibui ambaye hawajawahi kuiona ardhi yake. Shuleni napo mlango uko wazi, kwani Wildlife Clubs of Kenya zimekuwapo tangu mwaka 1968 na hakuna kinachozuia klabu moja ya Shinyalu au Malava kuwa na daftari la buibui wa kijiji chao. Kibali hakihitajiki kwa kutazama. Mvua za masika zikianza Machi, kumbikumbi wakiruka, wawindaji wote hujitokeza kula, na hapo mwanafunzi mwenye kurunzi na daftari ataanza na ukuta wa jiko la nyumbani kwao.